Mlinzi Anayeficha Maharage Yake

Kwako yaya Bahati, uliye Buffalo,

Nimekuandikia kwenye simu mara nyingi, na kila mara umenijibu kwa kile kidole gumba cha manjano kilichosimama. Kidole gumba si jibu. Kwa hiyo barua hii naibandika hapa, kwenye ukurasa wetu wa wachezaji, ambako mama haingii lakini wewe huingia kila siku kusoma mabishano ya watu kuhusu walinzi. (Wasomaji wa Tanzania msishangae: kwetu Wakongo yaya si mlezi wa watoto, ni kaka mkubwa.) Ukikasirika, kasirika. Unajua kwamba nikipewa simu mdomo wangu hufungika. Nasema "oui, yaya," halafu namrudishia mama. Kuandika ndiyo sauti niliyo nayo.

Nataka tuzungumze kuhusu ulinzi, maana umeucheza kwa namna zote tatu na zote tatu umezikosea kwa kosa lile lile.

Unakumbuka likizo ile Dieumerci alipokuja kwetu Louisville kutoka Columbus, na soksi iliyojaa dadu? Mtoto wa baba mkubwa, mdogo kwako, lakini siku hiyo alijiona profesa. Mchezo alikuwa ameufundishwa na wenzake wa shule huko Hilliard, akatueleza mezani kwetu, mtaa wa Newburg, huku mama akichambua maharage: yeye ni msimulizi, sisi ni mashujaa, yeye anasema zimwi limetokea, sisi tunasema tunafanya nini, na dadu linaamua kama upanga umepata au umekosa. Tulikosa kitu cha kuhesabia uhai wa mashujaa wetu. Wewe ukanyoosha mkono, ukachota maharage kwenye sinia ya mama. Harage moja, tone moja la damu. Ukipigwa unarudisha kwenye sinia, na yakiisha umeanguka.

"Hiyo maharagi ni ya kula ao ya kuchezea?" mama aliuliza.

"Ni damu, mama."

"Bon. Damu yenu nitaipika saa kumi na mbili."

Na aliipika kweli. Tulikula mashujaa wetu na wali.

Mimi nilichagua mponyaji, kwa sababu mponyaji hukaa nyuma na haongei sana. Riziki, dada yake Dieumerci, alichagua kurusha moto. Wewe ukasema "mlinzi" kabla Dieumerci hajamaliza kutaja aina nyingine.

Ulianza na mshika-ngao. Sasa sikiliza, kwa sababu hili hukulisikiliza siku ile: kazi ya mlinzi si kupigwa. Mshika-ngao akimpiga adui anamtia alama. Adui mwenye alama akimgeukia mtu mwingine, mkono wake unatetereka, na mshika-ngao anapata pigo la bure mgongoni mwake. Yaani adui amebaki na njia mbili, zote mbaya: akupige wewe agonge chuma, au ampige mwingine alipe. Huo ndio uzuri wote wa mlinzi. Wewe ulimwachia adui njia moja tu, akupige wewe. Kila zimwi lilipogeuka upande wangu, uliliacha pigo la bure ukaruka katikati.

"Yaya, uko na pigo ya bure," Dieumerci alikukumbusha. "Unaiacha?"

"Naiacha. Asiguse mtoto."

Mtoto ni mimi. Mtoto huyo alikuwa na maharage yote ishirini na nane, hajapoteza hata moja. Nilimaliza vita vile nikiwa kama mgeni aliyepakuliwa sahani akaogopa kuigusa. Pigo moja lingenipunguzia maharage manne, na pigo lako la bure lingelimaliza lile zimwi. Badala yake ulianguka, na tukatumia muda wote uliobaki kukuburuta.

Halafu kule Columbus, kwenye harusi. Wakubwa wanacheza ukumbini, sisi tumejibanza jikoni kati ya masufuria ya pondu, kisamvu chetu, na wewe umebadilisha, sasa ni mla-kiapo. Mla-kiapo hamtii adui alama kwa upanga. Anamtaja kwa jina na kumwapia, na adui huyo akimpiga mtu mwingine, mwanga unamchoma. Ni mzuri sana dhidi ya adui mmoja mkubwa, na hafai kitu dhidi ya kundi, kwa sababu kiapo ni kimoja. Dieumerci alituletea kundi la panya wakubwa kama mbuzi. Ukamwapia panya mmoja. Riziki alicheka hadi akakaa sakafuni.

Lakini kilichonichosha si panya. Mla-kiapo ana mkono wa baraka: anaweza kumpa mwenzake maharage yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimepungukiwa maharage mawili. Ulinipa sita. Nilikuambia, "Yaya, nakosa mawili tu." Ukasema, "Kamata, kamata." Sheria inasema hakuna anayezidi kipimo chake, na yanayozidi yanapotea. Basi damu yako, maharage manne mazima, ikarudi kwenye sinia bila kumponya mtu yeyote. Ulitabasamu kana kwamba umefanya jambo jema. Mimi nilitaka kukupiga na mwiko.

Ulipomaliza shule ukasema unaenda Buffalo kwa baba mdogo, kwamba kiwanda chao kinachukua watu. Tukaanza kucheza kwa simu, Jumamosi mchana, miji mitatu: sisi Louisville, akina Dieumerci Columbus, wewe na theluji yako. Na huko, nakiri, ulipata mlinzi anayekufaa. Mlinzi wa mizizi hakimbizi mtu wala hamwapii mtu. Anasimama mahali pembamba, mlangoni au darajani, na ardhi inayomzunguka inageuka tope. Kila adui aliye karibu naye anakwama, na akimpiga mtu mwingine, mlinzi anapata pigo la bure. Mshika-ngao anatawala adui mmoja mmoja, mla-kiapo anamtawala adui mkubwa, mlinzi wa mizizi anatawala wote waliomzunguka. Ila bei yake ni hiyo hiyo: wote wamemzunguka. Ndiyo maana anahitaji mponyaji nyuma yake kuliko walinzi wengine wote. Na mponyaji anahitaji kitu kimoja tu kutoka kwake.

"Yaya, uko na ngapi?"

"Niko bien."

Yaya, "niko bien", yaani niko salama, si namba.

Kila mzunguko nilikuuliza, na kila mzunguko ulifunga ngumi juu ya maharage yako mbele ya kamera. "Niko bien, tibu Riziki." "Niko bien, donc tuendelee." Mimi nina dawa moja kwa kila mzunguko. Nikimpa huyu, yule anakosa. Jumamosi iliyopita darajani nilikuuliza tena, ukasema bien, nikampa Riziki. Zimwi likakupiga. Ukafungua ngumi, na mle ndani mlikuwa na maharage mawili.

"Ah, yaya," Riziki alisema. "Ile bien yako ilikuwa maharagi mbili?"

"Bahati jina, bahati hakuna," akasema Dieumerci.

Ulianguka, tope likakauka, wakavuka wote, tukakimbia. Mpaka sasa shujaa wako amelala darajani na msimulizi wetu anasubiri aone tutafanya nini. Hatukushindwa kwa sababu wewe ni dhaifu. Tulishindwa kwa sababu nilipiga hesabu sahihi kwa namba ya uongo.

Hapo ndipo nilipotaka barua hii iishie. Ingekuwa barua nzuri kuhusu mbinu. Lakini kuna jambo jingine, na unalijua.

Siku hiyo ulirusha dadu kwa mkono wa kushoto. Hata Jumamosi ya kabla yake. Tulipokuuliza ulisema mkono wa kuume umechoka kukupa moja moja, unajaribu mwingine, na tukacheka, kwa sababu unachekesha, hiyo ndiyo shida yako. Baada ya kuanguka darajani ukainuka kwenda kunywa maji, simu yako ikateleza ikalala ubavu, na nikauona mkono wa kuume. Ulikuwa umefungwa bandeji nyeupe kutoka vidoleni mpaka karibu na kiwiko, mnene kama mkate. Dieumerci alikuwa ameinamia karatasi zake. Riziki alikuwa analilaumu zimwi. Niliona peke yangu, na mdomo wangu ukafungika kama kawaida.

Kisha mama akaichukua simu.

"Kazi inaenda, Bahati?"

"Inaenda, mama. Niko bien."

"Bwana asifiwe."

Akavaa viatu vyake vyeupe akaenda kwa wazee wake anaowahudumia, akiimba kwenye ngazi. Mimi nilibaki nimesimama karibu na friji na kijiko cha wali mkononi.

Nimejaribu kukasirika sawasawa na ninashindwa, kwa sababu kila ninapoanza nakukumbuka kwenye kituo cha basi la shule, mwaka wetu wa kwanza Marekani, hapa Newburg. Mimi nilikuwa na lile koti la kupewa lisilo na vifungo. Wewe hukuwa na la kunipa. Ulizunguka tu, kila asubuhi, ukasimama upande unakotoka upepo, ukiongea na wenzako kana kwamba hapo ndipo ulipopenda kusimama. Ilinichukua majira yote ya baridi kutambua kwamba upepo ulipobadili upande, nawe ulihama.

Basi usidhani sijui. Najua. Lakini nilikuwa mdogo wakati ule, na sasa nimekua, na bado ninapokuuliza nikusaidie nini unasema, "Wewe soma tu." Ninasoma, yaya. Nimekaa nyuma kabisa, maharage yangu yamejaa kikombe, ninasoma na ninatazama mtu akipigwa mbele yangu huku akisema yuko bien. Hiyo si raha unayonipa. Mponyaji asiyeambiwa namba si mtu aliyelindwa. Ni mtazamaji.

Mama sijamwambia. Habari ya mkono wako ni yako kuisema, na nimeibeba wiki nzima, nikimpita jikoni kama mtu aliyemeza jiwe. Jumamosi tutacheza. Kabla ya dadu, mwonyeshe mama ile bandeji, kisha umweleze nini kilitokea na daktari amesema nini, kama kuna daktari. Usipoisema, nitaisema mimi, kwa mdomo huu huu unaofungika. Utaona kwamba unafunguka.

Nimekwisha mwambia Dieumerci kwamba zamu yangu ya kwanza mponyaji anarudi darajani. Alisema, "Utapigwa." Nikamwambia ndiyo, nina maharage ishirini na nane na hata nusu yake sijawahi kuyatumia. Nitasimama karibu nawe, upande unakotoka upepo. Wakinipiga, wanipige. Wewe ukiinuka, tumia pigo lako la bure, tafadhali, hata mara moja maishani.

Na nitakuuliza tena, uko na ngapi. Kufungua ngumi ni kazi, najua, basi nianze mimi mwenyewe, si shujaa wangu, ili usiseme sikukuonyesha njia. Tangu Jumamosi sijalala vizuri. Mtihani wa kemia niliurudisha nusu yake haijaguswa, na mwalimu aliponiuliza kuna nini nilimjibu kwa Kiingereza kwamba niko sawa, na nikasikia sauti yako ikitoka mdomoni mwangu.

Haya, yaya. Uufunike mkono huo usipate baridi.

Mdogo wako na mponyaji wako,
Furaha
kumi na moja kati ya ishirini na nane