Mashine ya Baba Imeshuka Uchagani

Kau,
Kupitia Posta ya Garsen.
12 Agosti 2025

Mpendwa ndugu yangu Jasper,

Pokea salamu nyingi za dada yako Kavumbi. U hali gani huko Lodwar? Joto lenu limepungua, au bado mnachemshia chai juani? Nasikia visima mnavyochimba vinatoa maji safi. Nimefurahi, ingawa najiuliza ni lini huyo fundi wa maji atakumbuka kuja kunywa ya kwao.

Sisi hatujambo. Mama miguu inamsumbua asubuhi, lakini mdomo wake ni mzima kabisa, na ndiye aliyeniamuru nikuandikie. Anasema simu inakula maneno, na habari hii hataki iliwe hata neno moja. Kuhusu ile simu ya Alhamisi, nitakueleza mwishoni.

Mkuyu wa mdomoni mwa mfereji wetu umeanguka. Ni ule ule uliokuwa ukiupanda kurukia mtoni huku nikikupigia kelele. Ulilala umekingama mferejini, matakataka ya mto yakajishika pale, na maji yakawa hayaingii tena shambani. Nawe wajua mpunga wetu unategemea bamvua: bahari ikijaa sana, mto unasukumwa nyuma na maji matamu yanakuja kunywesha mashamba. Mpunga wa Mama ulikuwa umeshika mimba. Bamvua ingepita hivi hivi, tungevuna majani matupu.

Tulijaribu mashoka. Mume wangu Gona alikata kutwa nzima, jioni mti ukaonekana kama umetafunwa na panya. Yule mwenye msumeno wa mashine pale Garsen alikuwa Bura anakata miti ya mathenge, hajui atarudi lini. Chifu alishatupa ruhusa. Ruhusa tulikuwa nayo, cha kukatia hatukuwa nacho. Ndipo nikatazama juu jikoni.

Msumeno wa mashine wa Baba ulikuwa bado uchagani, juu ya moto, katikati ya mahindi ya mbegu, pale pale alipoupandisha mwaka wa mafuriko. Baba alipofariki, wazee walisema kwenye matanga kwamba mashine ni ya Jasper. Wewe ukaenda zako. Mama naye akashika neno: chombo cha marehemu hakiguswi na mwingine kabla mrithi hajakitia mkono. Nilikupigia, hukupatikana, nikaambiwa mko nyikani. Nikamwambia Mama mpunga haujui kungoja mrithi. Akaingia chumbani, akatoka na shati lako la shule. Akampa Gona.

"Vaa," akasema. "Mwenye shati ndiye mwenye mkono."

Jasper, tumbo la shemeji yako unalijua. Vifungo viligoma, kimoja kikaruka hadi kwenye chungu, mikono ya shati ikaishia viwikoni, naye akapanda ngazi kwa heshima zote kama bwana harusi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama hakucheka hata kidogo. Alisimama chini akielekeza: "Jasper, shika vizuri. Jasper, usinimwagie mahindi!"

Msumeno uliposhuka ulikuwa mweusi ti, rangi yake huwezi kuijua. Lakini tulipokwangua masizi tukakuta chuma kizima, hakuna kutu, moshi umekihifadhi kama samaki. Vyote tulivyoviacha chini mwaka ule, ukiwamo ule mkokoteni uliousifu sana, maji yalivichukua au kutu ikavila. Baba alijua alichokuwa akifanya.

Basi nikasema hivyo mapema mno. Tulimwita Zakaria, fundi wa pikipiki kutoka Garsen ambaye ameoa hapa kwetu. Akafungua kifuniko cha tangi, akachungulia, akanusa, akatutazama mmoja mmoja.

"Mama, hii mashine iliwekwa na petroli ndani?"

Ndiyo, iliwekwa nayo! Baba hakuimwaga. Tulikuwa tunasonga ugali chini ya tangi la petroli! Mama akasema tu, "Na si mlikula mkashiba?" Mungu anatupenda, ndugu yangu, sina maelezo mengine. Petroli ilikuwa imeshakauka, ikaacha kitu kama ulimbo kwenye tangi na ndani ya kabureta, na kuusafisha ndiko kulikotuchosha.

Bomba la mafuta lilivunjika kama tambi kavu, tukatia la pikipiki. Kwenye kichujio cha hewa nyigu walikuwa wamejenga mtaa mzima. Zakaria alitoa plagi, akadondosha oili tunduni, akavuta kamba polepole. Hapo sote tuliinama kutazama, maana alishasema pistoni ikiwa imeganda, tuitumie mashine kuzuilia mlango. Ikazunguka. Kamba ndiyo iliyokatika, tukafunga kamba ya wavu. Plagi nayo ikatoa cheche. Mnyororo tuliuloweka kwenye dizeli, kisha nikaunoa mimi mwenyewe kwa tupa, jino baada ya jino, kama Baba alivyotufundisha wakati wewe ulikuwa umetoroka kwenda kuogelea. Usibishe.

Alhamisi tukaupeleka msumeno kwa mtumbwi mpaka penye mkuyu. Gona bado amevaa shati, Mama alikataa avue. Akavuta, kimya. Akavuta tena, ukakohoa moshi, ukazima. Jasho likamtoka, nami nikaanza kuuaga mpunga moyoni. Mama alikuwa ukingoni juu ya kigoda chake. "Vuta, Jasper," akasema. "Umekujua, unakutania tu."

Ukanguruma! Ndege wote wa mto waliruka. Mama alilia, na papo hapo anacheka, nami nikalia kwa kumwona yeye. Kabla jua halijapinduka mkuyu ulikuwa vipande, tukavisukuma kwa pondo vikaenda na mto. Jumamosi bamvua ikaja. Nilisimama katikati ya mpunga nikasikia maji yakinipanda vifundoni, nikaimba peke yangu kama mwehu.

Mashine imerudi uchagani, Mama hataki pengine. Lakini safari hii tangi ni tupu, nimelikagua mimi. Shati lako limefuliwa.

Gona anakusalimu na anakuomba ukija uje na shati kubwa. Binti yangu Mitchelle anakusalimu mjomba wake, na Zakaria pia. Nisalimie mkeo Darmi na watoto. Mama anasema Mungu akutangulie kila unapochimba, na mkono wako usikose maji.

Neno hili la mwisho ni langu, Mama hajui kama ninaliandika. Ile simu ya Alhamisi ulipokea, ukasikia kelele tupu, ukakata, ukatuma ujumbe, nikausoma mimi, kwamba mtandao ni mbovu utapiga baadaye. Mtandao ulikuwa mzuri, Jasper. Mama ndiye aliyekupigia, akainyoosha simu kuelekea mashine ili mrithi aisikie. Hakujua umekata. Aliishikilia vile vile mpaka mkuyu ulipoisha. Anaamini uliisikia yote, na anamwambia kila anayepita kwamba ulikuwa kimya kwa furaha.

Sitamwambia. Ila mpunga tunavuna mwezi ujao, na atakuuliza ilikuwa inalia vipi. Njoo niiwashe uisikie kabla hajakuuliza.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata ukikata simu,

Kavumbi