Kompyuta ya Phelista, Sifa za Hillary

Nanyama, uko? Phelista wetu amevunja uchumba. Leo, hapa Kitale, ndani ya maabara ya kompyuta shuleni. Mimi bado siamini.

Si unajua ile kompyuta kuukuu ya maabara, ilikuwa inajikokota tu. Phelista akatoa SSD mpya Bungoma, ile diski ya kasi, akaifunga. Mashine ikakataa kuwaka. Ni ya zamani sana, haikuweza kuanzia kwa diski ya aina hiyo.

Alihangaika nayo wikendi nzima. Mwishowe akaweka programu ndogo ya kuwashia kwenye flashi. Mashine inaanzia kwa flashi, halafu flashi inaikabidhi kwa SSD. Ikawaka! Akamwita Hillary, mwalimu mwenzake, akamwonyesha kila kitu kwa furaha. Si ni mchumba wake?

Sasa leo mwalimu mkuu akaja kuona. Hillary ndiye alibonyeza kitufe. Ikafunguka mara moja. Mkuu akamuuliza, "Kijana, umeifanyaje hii?"

Na Hillary akaeleza bana! Maneno ya Phelista, neno kwa neno, Phelista akiwa amesimama hapo hapo. Hakumtaja. Nanyama, hakumtaja!

Mkuu akasema, "Maabara ni yako kuanzia leo." Halafu akamgeukia Phelista: "Madam, tuletee chai."

Mkuu alipotoka, Phelista akauliza, "Hillary, kwa nini?"

Ati, "Si tunaoana? Changu si ni chako?"

Phelista akapiga simu kwao Naitiri, Hillary akisikia: "Mama, waambie watu wa mahari wasikuje Jumamosi."