Wapishi wa Kwenye Kaseti

Dorcas mjukuu wangu,

Nakusalimu kutoka Likasi. Mjomba wako amepona mguu, na mahindi nyuma ya nyumba yameota vizuri. Unasema umeipunguza video ya diski ya harusi ya wazazi wako kwa kompyuta na bado ni kubwa mno kuingia kwenye simu. Unaniuliza ukate wapi.

Mwaka ule watu wa Kasai walipofukuzwa huku kwetu warudi kwao, nilikuwa na mashine mbili za video, nikinakili kaseti za watu. Jirani yangu Mama Ngalula, mmoja wao, akingoja treni ya kwenda kwao, aliniletea kaseti ya harusi ya binti yake. Binti alikuwa anabaki na mume wake, mtu wa hapa, na mama alitaka nakala. Kaseti tupu niliyokuwa nayo ilikuwa fupi. Nikamwambia itabidi niache misa.

“Acha tu. Misa iko kila pahali,” akasema. “Miye uniwekee bale bamama balikuwa napika bukari ku lupango.”

Nikasogeza kaseti mpaka uani. Wanawake walikuwa wamezunguka sufuria ya ugali, na aliyeshika mwiko, akicheka kuliko wote, nilikuwa mimi. Nami, kwa kuogopa macho ya watu, nilikuwa na miezi sijamsalimia Mama Ngalula.

Sehemu ile sikukata hata kidogo. Alipoipokea alinishika mkono. Mpaka leo naamini alijua vizuri ni nani aliyeshika mwiko.

Basi, mama, kata keki, kata hotuba. Wapishi waache.

Ni mimi kambo yako, bibi yako.