Kinachoula Mwani Wetu

Mpendwa dada yangu,

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu namba yako ya Muscat haipatikani tena. Huenda mtu anayekufahamu akakusomea.

Unakumbuka maji ya bamvua pale Mlingotini, bahari ikishaondoka, mimi na wewe na mama tumeinama kwenye vigingi tukifunga mwani? Ulikuwa unamaliza kamba nzima mimi bado nahangaika na fundo la pili. Ulinicheka kwamba vidole vyangu viliumbwa kwa kalamu, kisha ukaja kunimalizia huku ukinung'unika. Nayatamani hata hayo manung'uniko.

Halafu mwani ukaanza kuwa mweupe. Matawi yalilainika, yakakatikia mkononi, tukavuna uozo msimu baada ya msimu, mpaka wewe ukakubali kwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Ukiwa mlangoni na begi lako uliniambia, "Wewe soma. Ukijua kinachoula mwani wetu, niite. Nitarudi."

Nikasoma. Chuoni Dar kuna hadubini isiyotazama kwa mwanga. Ina sindano yenye ncha ndogo hata macho hayaioni, inayopita juu ya kitu mstari kwa mstari ikikipapasa, na kompyuta inachora kila kilima na kila shimo. Nilipokueleza kwenye simu ulicheka sana.

"Kumbe umekwenda kusomea kupapasa," ulisema.

Hukujua nilivyokuwa nabana kikohozi karibu nayo, maana mtikisiko mdogo tu huharibu picha nzima.

Nilibeba mwani wetu kwenye chupa ya maji ya bahari mpaka huko. Ule mgonjwa, ngozi yake ilikuwa imejaa mashimo, na vijidudu wamejibanza ndani. Nililia kwa furaha, dada. Nilidhani nimemkamata mwizi.

Mwalimu wangu akanitaka nipime na ule mzima. Ngozi yake ilikuwa na mikunjo laini kama mchanga maji yanapotoka, na juu yake walikuwepo vijidudu walewale, wametulia. Kumbe tumeishi nao siku zote. Kilichobadilika ni maji. Yamepata joto, ngozi ya mwani inadhoofika, nao wanaingia. Dawa ya kutia bahari nzima haipo. Labda kupanda kwenye kina kirefu ambako kuna ubaridi, lakini huko kunataka boti na kuogelea, na mama hana boti wala hajui kuogelea. Nilipomweleza alisema la kuvunda halina ubani. Kesho yake akashuka pwani kufunga mwani, kwa mazoea tu.

Picha ninazo, na wageni wa chuo huzisifia kwa uzuri. Mimi siwezi kuzitazama kwa muda mrefu. Nilidhani kuona kungetosha, na sasa naona kila shimo na sina la kufanya.

Basi nimejua, dada, na sikuiti. Kama uliko kuna riziki, ishike hapohapo, maana huku maji yamezidi unga. Nina hamu nawe kuliko ninavyoweza kuandika.

Jana mama aliniuliza kama chumba chako tukipangishe. Nikamwambia tukipangishe.

Mungu akuhifadhi huko uliko.

Mdogo wako