Masaa Kumi na Mawili Mpaka Bruseli

Jumatatu, 15 Mei 1972
Nimefua, nimepika, nimepima tena. Atlasi ya mume wangu Rajabu, utepe wangu wa kushonea. Bujumbura mpaka Bruseli, Ubelgiji: sentimita kumi na mbili na nusu, kama kilomita elfu sita na mia mbili. Ndege ya jana jioni, masaa kumi na mawili pamoja na vituo. Basi mume wangu amefika. Mwalimu, anakwenda kusoma mwaka mmoja, tiketi tangu Machi. Tangu vita vituingilie hapa Rumonge askari wanachukua wenye kusoma. Ndege ndiyo kupona kwake.
Mama mkwe kauliza mara tatu: "Mutoto wangu iko wapi saa hii?" Nikamwonyesha kwa kidole. Nilijidai kweli kweli.

Alhamisi, 18 Mei
Telegramu hakuna. Alisema akitua tu ataleta. Labda posta.
Majirani wamekimbia, wamevuka ziwa. Mtaa kimya. Nimeshona kanzu nikaweka mkono kinyume, mara mbili.

Jumapili, 21 Mei
Mama ananichosha. Akisikia ngurumo anatoka uani kutazama juu. Nimemwambia ndege ya Ulaya haipiti Rumonge. "Weye unajua njia ya ndege?" Sijui. Nimemkaripia bure, naona aibu.

Jumatano, 24 Mei
Spesiyoza, anayeniuzia ndagala, dagaa wa ziwani, amekuja kutoka Gitaza, njia ya Bujumbura. Hakukaa. Jumapili ile aliyosafiri Rajabu, gari lao lilisimamishwa kwenye bariyera ya askari pale kwao. Wenye kusoma wakashushwa. Alimwona, na valizi yake ya kijani ya nguo. Wakapakiwa kwenye lori, likapanda mlimani. "Lilirudi tupu, dada." Akaniasa nisilie mbele za watu. Wanaolia wanaulizwa wanamlilia nani.
Nimefungua atlasi. Rumonge mpaka Gitaza: milimita moja. Kipande hicho sikuwahi kukipima.

Jumamosi, 27 Mei
Sijamwambia Mama. Atapiga kelele, watasikia. Lakini nikinyamaza mimi bado ni mke wa msafiri. Nicheke, nipake hina, nipokee salamu za Ulaya. Sitaki. Nataka kukaa eda. Nataka kumlilia mume wangu kama wanawake wengine.
Mchana nimesikia kikohozi cha Rajabu mlangoni. Nikaitika. Hakuna mtu. Ni mara ya nne wiki hii, na kila mara naitika.

Ijumaa, 2 Juni
Baada ya sala Mama ameingia chumbani kwangu. Hakuuliza ndege. Amenivua bangili moja moja, kisha herini, akazifunga kwenye leso yake. Akanipa nguo nyeupe, imefuliwa, imekunjwa vizuri. Akafunga dirisha.
Amesema miezi minne na siku kumi, tuhesabu tangu Jumapili ile. Siku kumi na tisa zimeshapita, kwa hesabu yake. Sikumuuliza alijua lini.
Tumelia bila sauti, tumeshikana mikono. Kisha akaenda kuosha mchele.
Tumekubaliana. Mtu akiuliza, Rajabu yuko Bruseli, hajambo, anasoma.