Zote, Si Yote

Jumanne, 4 Februari 2025
Marie-Jeanne amekuja saa nne asubuhi, moja kwa moja kutoka kibanda chake cha vitenge pale sokoni Kikuubo. Anataka kununua hisa. "Papa Mwalimu, jina yako mwenyewe ni Nakhisa — na hisa! Niulize nani mwingine?" Akacheka peke yake. Jina hili ni la Kibukusu; halihusiani na soko lolote. Nilimwambia hivyo.

Nikaanza somo. Kwanza: bei hupanda na hushuka. Pili: gawio si mshahara, mwaka mbaya halitolewi. Nilikuwa naingia hoja ya tatu aliponikatiza: "Sasa ile feza ya masomo ya binti yangu Darlène, natia yote kwa kampuni moya, ile ya sukari?"

Yote! Miaka sita tunasali kanisa moja, na bado anasema yote.

"Zote!" nikamwambia. "Zote, Marie-Jeanne!"

"Zote?"

"Zote."

Akarudia mara mbili, vizuri sana. Simu yake ikalia — mteja kibandani — akaondoka mbio. Hoja ya tatu itangoja. Nimeridhika: hata mtu mzima husahihishika.

Jumatatu, 3 Machi
Gazeti linasema mitambo ya kampuni ile ya sukari imesimama. Bei imeanguka vibaya. Mimi ninazo hisa chache humo; nyingine ziko katika kampuni tatu tofauti, na sina haja nazo kwa miaka mitano. Nimekunywa chai yangu kwa utulivu. Mfano mzuri wa kumwonyesha Marie-Jeanne.

Ijumaa, 7 Machi
Nilipita Kikuubo kununua sabuni. Ondiek, auzaye masufuria kando ya Marie-Jeanne, alinipigia kelele: "Mwalimu wa matajiri huyo! Nifunze na mimi nifilisike kwa Kiswahili safi!" Watu wakacheka. Marie-Jeanne hakucheka. Nilimwuliza alitia kiasi gani.

"Si ulisema zote, Papa Mwalimu?"

"Nilikuwa nasahihisha ngeli!"

Aliweka chini kitenge alichokuwa akikikunja.

"Ngeli njo nini?"

Nilirudi nyumbani bila sabuni.

Jumapili, 9 Machi
Kwaya iliimba, na neno lile lilikuwa katika kila ubeti. Siku zote. Njia zote. Dhambi zote. Nilifunga kitabu cha nyimbo. Marie-Jeanne alikaa benchi la mbele na bintiye. Darlène alikuwa amevaa viatu vyeupe vya uuguzi. Chuo hakijafunguliwa — anavizoesha tu miguuni.

Jumatatu, 10 Machi
Bomba la jikoni linadondosha maji. Zo-te. Zo-te. Nilimwita fundi, Otema. Amelikagua, amelifungua, amelifunga. "Mzee, hii bomba haitoki maji hata kidogo."

Sikumsahihisha.

Jumatano, 12 Machi
Marie-Jeanne amekuja. Hakulaumu, na ingekuwa heri angelaumu. Chuo kinataka karo wiki ijayo. Dalali wa hisa amemwambia akiuza leo atapata nusu. Akingoja, bei huenda ikapanda, huenda ikaisha kabisa. Dalali anangoja ampigie simu kabla ya saa sita.

Nimempa hoja ya tatu, baada ya mwezi mzima. Kwamba fedha zinazohitajika karibuni haziendi sokoni. Kwamba haziwekwi katika kampuni moja. Kwamba mtu hujiuliza kwanza, nikipoteza hizi nitaishi vipi? Alinisikiliza kwa adabu, mikono mapajani, kama mwanafunzi.

"Nimesikia, Papa. Lakini leo? Niuze, ao ningoje?"

Nilimwambia hakuna ajuaye bei ya kesho. Dalali hajui. Mimi sijui.

"Wewe unajua," akasema. "Sema tu neno. Safari hii nitalisema sawasawa."

Nimesema nakwenda kutafuta miwani. Imo usoni mwangu. Ninaandika haya chumbani, nimesimama. Ni saa sita kasoro dakika kumi. Nikisema auze na bei ipande — ni mimi. Nikisema angoje — ni mimi tena!

Ameshika simu sebuleni. Bado hajapiga. Anajizoeza maneno ya kumwambia dalali, kwa sauti ya chini, polepole, ili asikosee mbele yangu:

"Uza zote. Zote. Uza zote."

Ngeli ni sahihi kabisa.