Moshi ya Baridi Nilifungulia Madereva Malaba

Busia, Jumatano, mwaka wa tisini na sita. Joto. Mawingu imejaa upande ya Uganda na imekataa kuvuka, ni kama imekosa karatasi.

Wewe daftari, mimi sikuenda shule. Kuandika nimejua juzi hapa ngumbaru, shule ya watu wazima, nikiwa nimebaki na meno tisa. Lakini uliza mtu yeyote kutoka Mundika mpaka Amukura ni nani anajua kuongea. Watakuonyesha nyumba yangu wakicheka.

Leo nyumba yangu haina kicheko.

Bibi yangu wa ndoa, Mama Nafula, ana kansa ya koo. Ugali ilikataa kupita, halafu uji, sasa ni maji na kijiko. Mama yake alienda hivyo. Dada yake pia. Daktari Nabwire, yule msomi anafanya utafiti upande ya Uganda, aliomba kukata kipande ya koo akaisome, na alimwambia ukweli: mama, hii kazi haitakuponya. Mama Nafula akamjibu, "Kata tu. Niko na wasichana watatu."

Daktari alinieleza pole pole mpaka nikashika. Ndani ya mwili kuna kitabu ya amri, imefungiwa kama ile ya chifu, haitoki ofisi. Inayotoka ni chiti, kikaratasi ya kunakili amri. Chiti inaambia wafanyakazi: hapa jengeni, pale wacheni. Hiyo ndiyo anaita RNA. Kwa kansa, chiti inasema jengeni, jengeni, jengeni, na wacheni hakuna. Yeye alitaka kusoma chiti ya hii familia, ajue nani anaituma. Lakini ni karatasi dhaifu sana, ikiguswa na joto imekwisha. Lazima ikae kwa mtungi ya baridi, ile baridi ya kutoa moshi.

Nikacheka. Huyo mtungi si namjua! Miaka saba nilibebea daktari wa ng'ombe mtungi kama huo, wa mbegu ya fahali. Nikajigamba mpaka Daktari Nabwire akaniamini. Siku ya kukata, kipande iliingia kichupa, kichupa ikaingia mtungi, lakini gari yake ilizuiliwa ng'ambo, akasema, "Mzee, nifikishie Malaba, nifuate gari tukutane huko. Usifungue." Nikafunga mtungi kwa keria ya baiskeli, nikakanyaga.

Malaba, matrela imepangwa mpaka macho inachoka. Daktari hajafika. Madereva wamelala chini ya magari yao, wamechoka kungoja. Mmoja akaniita, "Mzee, umebeba pombe gani hiyo?"

Si angenyamaza tu.

"Hii?" nikasema. "Hii ni pumzi ya Mlima Elgon. Niliikamata na hii mikono."

Nikafungua. Moshi ikashuka mpaka kwa viatu. Wakaruka, wakapiga makofi, dereva mmoja wa Mombasa akajishika kichwa. Nikavuta ile waya ndefu, kichupa ya Mama Nafula ikining'inia kwa jua, nikawapa hadithi ya fahali wa Budalang'i alizaa ndama mia bila kutoka kwa boma. Hadithi tamu. Ndefu. Kuona Daktari anakuja ndiyo nikarudisha haraka, nikafunga.

Leo Daktari amekuja kwangu. Hakukaa. Amesema chiti zote zimekatika-katika, hakuna hata neno moja ya kusoma. "Pole mzee, labda ni mimi nimekosea kule maabara." Machozi yake ilikuwa karibu. Na wale wa wodi wamesema koo ya Mama Nafula haiwezi kukatwa tena.

Mimi, mtu wa kuchekesha hata matanga, nikamfungulia mlango aende.

Sasa nafikiria ng'ombe zote za miaka saba zilikataa kushika mimba, na sisi tukilaumu ng'ombe, kumbe hata ule mtungi nilikuwa nafungulia watu waone moshi.

Mama Nafula sauti imekwisha. Jioni hii ameonyesha koo na kidole, halafu akaonyesha barabara ya Malaba. Anauliza kile kipande kimesema nini. Tangu siku ile namtungia: leo wamesoma mstari wa kwanza, leo wa pili. Anatabasamu, anameza kijiko moja zaidi.

Daktari anavuka kesho asubuhi. Atanikuta kwa geti ya mpaka, nimwambie mkono mbaya ni huu wangu. Hiyo nimekata shauri.

Lakini nikirudi nyumbani nishike kijiko, nitamwambia mstari wa tatu umesema nini?